Mugumu, Desemba 2014: Kanisa Lilipolazimika Kuwa Ukoo

Mkoani Mara, mwaka unaogawanyika kwa mbili una Desemba yake. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na wazee wa inchaama, baraza la mila la ukoo wa Kikurya, wanakaa kuamua kama kisu cha kukeketa mabinti kitatoka mwaka huu au kitabaki. Wakisema kinatoka, barabara za Tarime na Serengeti hujaa misafara. Kinamama wanaimba, vijana wamejipaka rangi usoni, filimbi hazinyamazi, na katikati yao wapo mabinti waliofunikwa khanga, mwavuli juu ya kichwa, wanatembea kwa hatua fupi kama mtu aliyejitwisha ndoo iliyojaa pomoni. Mgeni anayepita kwa basi kuelekea Sirari anaweza kudhani ni harusi. Hatua zile tu ndizo zinazomweleza mwenye kutazama vizuri.

Desemba ya 2014, mabinti 134 hawakuwamo kwenye misafara hiyo. Walikuwa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, katika nyumba salama iliyofunguliwa mwaka huohuo chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana. Mia moja thelathini na wanne ni madarasa matatu ya shule ya msingi yaliyojaa, wamekuja msimu mmoja, na wengine waliondoka kwao bila kumuaga mtu. Nataka kukitazama kisa hiki kwa ukaribu, kwa sababu tunaposema dini zina nafasi katika kukomesha ukatili wa kijinsia tunaishia kutaja mahubiri na matamko. Mugumu palifanyika kitu kingine, na pia palibaki kitu ambacho hakikufanyika.

Aliyekuwa nyuma ya nyumba ile ni Rhobi Samwelly, mzaliwa wa Mara, ambaye wakati huo alifanya kazi na dayosisi hiyo. Alikeketwa akiwa na miaka 13, akavuja damu nusura afe. Amesimulia mara nyingi hadharani kwamba kabla yake rafiki yake alikufa kwa kisu hichohicho, na mwili wake haukuzikwa. Kwa mila, binti aliyekufa kwa kukeketwa hutupwa porini, maana kumzika kunaaminika kuleta mkosi.

Hapa mtu wa kanisa anapaswa kusimama kidogo. Kanisa la kwetu likishindwa yote, kuzika halishindwi. Muumini asiyetoa sadaka miaka kumi, siku akifa wenzake watabishana kidogo halafu watamzika. Sasa tazama upande wa pili: binti anaambiwa avumilie kisu ili awe mtu kamili wa ukoo, na akifa kwa kisu hicho ukoo unamkana kiasi cha kumnyima kaburi. Nadhani mtu aliyeliona jambo hilo akiwa mtoto haambiwi tena kwamba mila ile inalinda watu wake.

Kwa sheria, ukeketaji wa mtoto ni kosa tangu 1998. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka huo iliingiza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu: mwenye kumlea au kumtunza mtoto wa chini ya miaka 18 akimkeketa, au akisababisha akeketwe, adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. (Laki tatu. Siku hizi ng'ombe mmoja aliyenona anaizidi.) Ukikisoma kifungu hicho taratibu utaona ugumu wake. Kinamlenga mlezi. Ili kesi isimame vizuri, binti wa miaka 12 apande kizimbani awaonyeshe kidole baba na mama yake. Halafu jioni arudi wapi? Mwenye kumlaza ni huyohuyo anayeshtakiwa, na mwenye kumlipia ada ni yeye. Kwa hiyo mashahidi hunyamaza, majirani nao wanasema hawakuona kitu, ilhali filimbi zilisikika mpaka kijiji cha pili.

Ndiyo maana nyumba ilitangulia kuwa na maana kuliko mahubiri. Mtoto hawezi kuikataa nyumba ya baba yake kama hana nyumba nyingine ya kulala usiku uleule.

Lakini paa peke yake halielezi yaliyotokea. Serikali nayo ingeweza kujenga paa. Kuelewa kwa nini kanisa ndilo lililoweza, inabidi tukubali jambo ambalo wanaharakati wengi hawapendi kulikubali: kisu kinamlipa yule binti kitu. Asiyekeketwa huitwa msagane, na jina hilo humfuata hata akiwa na mtoto mgongoni. Aliyekeketwa hupata rika, wenzake wa msimu mmoja watakaoitana mpaka uzeeni. Anapewa zawadi, anaimbiwa, anavishwa, kwa siku kadhaa anakuwa mtu wa kutazamwa katika maisha ambayo kwa kawaida hakuna anayemtazama. Baba yake anahesabu ng'ombe wengi zaidi wa mahari. Ngariba analipwa kwa kila kichwa na wazee wana fungu lao. Binti anayekataa anaacha vyote hivyo kwa pamoja, na anawaachia wazazi hasara na aibu.

Hakimu hawezi kumpa rika, wala afisa ustawi wa jamii hawezi kumwimbia. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linaweza kumpokea saa saba usiku, na hilo ni jambo kubwa, lakini Jumapili inayofuata dawati halitamkalisha katikati ya watu wanaomwita kwa jina lake. Ukitafuta mahali vijijini penye taasisi inayotoa jina jipya, inayokusanya watoto wa umri mmoja na kuwafundisha pamoja, yenye wazee wake, nyimbo zake, harusi zake na makaburi yake, na inayokutana kila wiki bila kuitwa na mradi, utabaki na kanisa na msikiti. Vitu vilevile ambavyo ukoo unatoa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nguvu halisi ya jumuiya ya imani katika jambo hili: inaweza kuwa ukoo wa pili kwa mtu aliyeukataa wa kwanza. Aya za Maandiko zina kazi yake, lakini binti wa miaka 12 hakimbii kwao usiku kwa sababu ya aya.

Afrika Mashariki ilishawahi kujaribu njia nyingine, na inafaa kuikumbuka. Mwaka 1929, nchi ya Wakikuyu, wamisheni wa Kanisa la Scotland chini ya Dk. John Arthur waliwataka waumini wao waukane ukeketaji kwa kiapo, na papo hapo waukane uanachama wa Kikuyu Central Association, chama cha siasa cha Wakikuyu. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba, na kiapo chenyewe kikaitwa kirore, yaani alama ya dole. Asiyeweka hakuwa na nafasi tena. Watu waliondoka makanisani kwa wingi, wakaanzisha makanisa yao na shule zao za kujitegemea, na kisu kikapata heshima ambayo hakikuwa nayo kabla: kikawa alama ya kumkataa mkoloni. Mwaka 1956, huko Meru, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku kwa msukumo wa watawala. Wasichana wakachukua nyembe na kukatana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, "nitajitahiri mwenyewe".

Visa hivyo viwili hutajwa kama ushahidi kwamba watu wa mila hawabadiliki. Mimi nasoma vingine. Katika vyote, binti alipewa marufuku bila kupewa mahali pa kwenda. Kirore kilimwambia mtu achague kati ya kanisa na watu wake, wakati kanisa lenyewe lilikuwa la wageni na ardhi ilikuwa inaondoka. Ukimwambia mtu hivyo, atawachagua watu wake, na mimi ningefanya vilevile.

Turudi Mugumu. Sehemu ya kisa hiki inayosimuliwa sana ni Desemba, usiku, mbio, binti anayepita vichakani. Ni hadithi nzuri kwa kamera. Sehemu yenye kazi ni Januari.

Januari shule zinafunguliwa, misafara imekwisha, na nyumba imejaa watoto wa watu. Hawawezi kukaa pale daima, na wengi hawataki: wanamkumbuka mama, wanawakumbuka wadogo zao. Hapo huanza kazi ya usuluhishi, nyumba kwa nyumba. Wazazi wanaitwa, au wanafuatwa. Watu wa nyumba salama wanakuwapo, pamoja na afisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati. Hapo ndipo inapoonekana faida ya kuwa na kanisa upande mmoja wa meza. Polisi akija peke yake, baba anaingia kujitetea. Akija mtu wa kanisa lililombatiza huyo baba, au lililomzika mama yake mzazi, mazungumzo hayawezi kuanza na kukanusha tu. Wanajuana. Kuna salamu ndefu ya kupitia kwanza, kuna habari za ng'ombe na za mvua, na mtu anayekuuliza habari za mvua kwa dakika kumi si rahisi kumwambia atoke kwako.

Swali linalokaa mezani, liwe limetamkwa au la, ni moja: nani atamwoa? Na ni swali la haki. Baba mwenye mabinti wanne katika kijiji cha wafugaji hajadili falsafa. Anapoulizwa kama anampenda binti yake anaona anatukanwa, kwa kuwa anaamini anachomfanyia ndicho kitakachompa mume, boma na watoto wenye jina. Mchungaji anayeingia pale na neno "ukatili" mdomoni amekwisha kushindwa kabla ya kuketi. Anayejua kazi huanza na mfano: anawataja mabinti wasiokeketwa ambao wameolewa, wana watoto, wanajulikana hapo jirani. Kama hana mfano wa kutaja, ana shida, na shida hiyo nitairudia mwishoni.

Wakikubaliana, wazazi wanasaini hati kwamba binti hatakeketwa na kwamba nyumba yake itatembelewa. Asiyeandika anaweka dole gumba.

Dole gumba lilelile la 1929, lakini tazama limegeuka wapi. Kule muumini aliliweka ili asifukuzwe. Huku baba analiweka ili arudishiwe mtoto. Kule kanisa lilikuwa limeshika mlango wake lenyewe, huku limeshika mkono wa binti na linamsindikiza kurudi kwao. Sidhani kama kuna aliyelipanga hivyo akiwa na historia ya Wakikuyu kichwani. Lakini kama mtu akiniuliza kanisa la Afrika Mashariki limejifunza nini katika miaka 85, ningemwonyesha karatasi hizo mbili.

Wapo wazazi wanaokataa. Binti wa hao hubaki nyumbani Mugumu, anasoma kutoka pale, au anajifunza cherehani. Nyumba salama inaacha kuwa makimbilio ya msimu na kuwa kwao hasa, na gharama yake inabadilika kabisa. Unga wa wiki sita mtu anaweza kuuchangisha. Unga wa miaka sita, ada, sare, pedi, matibabu, nauli, ni habari nyingine, na harambee ya Jumapili haifiki huko. Fedha nyingi za nyumba za aina hii zimetoka kwa wafadhili wa nje. Mwaka 2017 Samwelly alianzisha shirika lake, Hope for Girls and Women, likaendesha nyumba Mugumu na Kiabakari wilayani Butiama. Walipata msaada ambao hakuna sinodi ingeufikiria: watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map, wengi wao hawajawahi kuiona Serengeti, walichora barabara na nyumba za vijiji kutoka kwenye picha za setilaiti na kuziweka kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Vijiji hivyo vilikuwa karibu vitupu kwenye ramani. Simu ikipigwa usiku kwamba binti fulani atapelekwa alfajiri, gari sasa lilikuwa na njia ya kufuata badala ya kuuliza kila mti.

Masanga, wilayani Tarime, Wakatoliki wa Jimbo la Musoma wana kituo kilichoanza kabla ya Mugumu, nacho kimefuata njia nyingine kidogo. Wakati wa msimu wasichana hukusanywa kambini, hufundishwa wiki kadhaa kuhusu mwili, haki na utu uzima, halafu kunakuwa na mahafali yenye nyimbo na vyeti. Huitwa tohara mbadala. Wazo lenyewe lina historia: Tharaka nchini Kenya, mwaka 1996, kinamama wa shirika la Maendeleo ya Wanawake walianza sherehe waliyoiita Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Naikubali mantiki yake, kwa kuwa inajaribu kumrudishia binti vile alivyovipoteza, rika, zawadi na siku yake ya kutazamwa. Udhaifu uko kwenye cheti. Cheti kinamthibitisha kwa waliompa, na waliompa hawamwoi. Kama baba na mama na mjomba hawakuwa kwenye ile sherehe wakicheza na kutoa zawadi, binti amehitimu kwenye ukoo wa watu wengine, na kisu kinamsubiri Desemba nyingine.

Kuna tatizo la neno pia, na hili linatuhusu sote tunaoandika na kuhubiri kwa Kiswahili. Tohara asili yake ni usafi. Mhubiri anayesema "tohara ya wanawake ni mbaya" ameshaibariki kwa neno la kwanza kabla hajailaani kwa la mwisho. Kukeketa ni neno lingine kabisa: ni kukata kitu kwa kisu butu, mbele na nyuma, kama mtu anayehangaika na kamba. Wazee hawalipendi. Wachungaji wengi nao hawalipendi madhabahuni, na nadhani sababu ni aibu tu. Kiswahili cha kanisani kina adabu nyingi kuhusu mwili. Tunasema "mila potofu" na kupita haraka, na mama aliyeketi nyuma anajiuliza kama aliyekusudiwa ni yeye au ni yule anayepiga ramli.

Nisilipambe kanisa. Wamenonite walifika Shirati mwaka 1934. Mapadre wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Wasabato walikuwapo Mara kabla ya hao wote. Wamejenga hospitali, shule, visima. Nyumba ya kwanza ya dayosisi Mugumu kwa ajili ya mabinti hawa ilifunguliwa 2014. Hesabu kutoka Shirati: miaka 80. Katika miaka hiyo kila Desemba ya msimu iliangukia Majilio, wiki zilezile ambazo makanisani yanasomwa masomo ya msichana wa Nazareti na mwili wake, na wazazi waliotoka ibadani ndio hao waliokuwa wakiandaa pombe na mbuzi wa sherehe nyingine. Wapo wazee wanaokaa kwenye baraza la mila na kwenye viti vya mbele kanisani, na hawaoni mgongano, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Kanisa liliogopa kuwapoteza. Ukikumbuka 1929, woga huo una sababu, ila waliolipa gharama yake hawakuulizwa.

Msikiti nao uko kwenye hesabu hii, ingawa Waislamu ni wachache kwa Wakurya. Ukeketaji wa Mara hautokani na Msahafu wala Biblia. Ulikuwapo kabla ya vyote viwili kufika. Kwa hiyo hakuna dini yenye sababu ya kuutetea, na hakuna yenye kisingizio cha kusema ni wa wale wengine.

Je, imesaidia? Takwimu za kitaifa zinasema wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 18 mwaka 1996, asilimia 10 mwaka 2015/16, na asilimia 8 mwaka 2022. Mkoa wa Mara ulikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16 na 28 mwaka 2022. Anayetaka kulisifu kanisa kwa tofauti hiyo ya nne ajizuie. Takwimu hizo zinawahesabu wanawake wazima, wengi wao walikutana na kisu miaka mingi kabla ya nyumba ya Mugumu, na mabinti wa 2014 wameingia kwenye hesabu hiyo juzi tu. Tena kisu kina miguu. Ulinzi ukikazwa Tarime, wapo wanaovushwa mpaka kwenda Kuria ya Kenya, na wa kule huletwa huku, kwa sababu Wakurya ni wamoja na mpaka ni wa juzi.

Ninachoweza kusema bila kusita ni kidogo kuliko takwimu: msimu ule wa 2014, mabinti 134 walikuwa na mahali pa kulala, na mwenye kuwapa mahali hapo alikuwa mtu ambaye wazazi wao walikuwa wakimwamkia.

Sasa lile nililoahidi kulirudia. Msichana aliyekimbilia Mugumu akiwa na miaka 12 alitimiza miaka 22 mwaka 2024. Kifungu cha 169A kilimwacha mlangoni siku alipofika 18, maana kinamlinda mtoto tu. Kenya sheria yao ya 2011 haikuweka umri; ya kwetu imeweka. Baada ya hapo wanaomshinikiza watasema ameridhia mwenyewe, na kwa Wakurya shinikizo hilo lina wakati wake: baada ya kuolewa, ndani ya boma la mume, hasa anapokaribia kujifungua. Nyumba salama haikujengwa kwa ajili ya mke wa mtu.

Lakini kanisa liko pale pale, kwa kuwa ndilo linalofungisha hiyo ndoa. Kuna mafundisho ya wachumba, na kuna wavulana waliokaa darasa moja la kipaimara na mabinti hawa, ambao wengi hawakuwahi kuulizwa na mwalimu wao kama wangemwoa msagane na kusimama mbele ya mama zao kulisema. Makubaliano ya Januari yalikuwa ya baba wa binti. Ya familia ya bwana harusi hayajaandikwa popote ninapopajua, ingawa ndiyo yanayojibu lile swali la mezani la nani atamwoa. Mchungaji atasoma majina ya wachumba Jumapili tatu mfululizo na kuuliza kama yupo mwenye kujua kizuizi. Mama mkwe mtarajiwa anacho. Amekaa kiti cha tatu kutoka mbele, amevaa vitenge vya sare ya kinamama, na hatasimama kukisema. Atakisema nyumbani, mwezi wa tisa wa mimba ya kwanza, wakati mkaza mwanawe hawezi tena kukimbia usiku.